Mfupa Uliopita Tabora

Chemsha mguu wa mbuzi mchanga mpaka nyama iachie, kisha ushike mfupa mrefu kichwani na uuzungushe kidogo. Kichwa kitabanduka kizima, na chini yake utaona uso wenye vilima na vijibonde, kama kifuniko kilichochongwa kikae mahali pamoja tu. Kwa mbuzi mzee hakibanduki ng'o. Mpishi wa supu huyajua haya kwa vidole vyake.

Wataalamu wa mwili hukiita kichwa hicho epifisi, neno la Kigiriki lenye maana ya kilichoota juu ya kingine. Mfupa mrefu wa mtoto una sehemu ndefu ya katikati, una kichwa kila upande, na kati ya sehemu hiyo na kila kichwa kuna gegedu, ambalo ndilo linaloufanya urefuke. Ujana ukiisha, gegedu hilo hugeuka mfupa na vipande vikashikamana moja kwa moja. Ndiyo maana napenda neno hili litumiwe kwa uangalifu. Mfupa ukivunjika katikati hupata ncha mbili mpya, lakini hizo si epifisi, maana hazikuota. Kiswahili kina majina mazuri ya vinavyopapaswa juu ya ngozi, kama pia ya goti na nguyu ya mguu. Epifisi inataja kisichoonekana, namna mfupa ulivyokua.

Tofauti hiyo kati ya ncha iliyoota na ncha iliyovunjika ilipita Tabora mwaka 1873, ndani ya mzigo.

David Livingstone, mmisionari na msafiri Mskoti, alifariki mwanzoni mwa Mei mwaka huo kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Miaka 29 kabla, huko Mabotsa, Afrika Kusini, simba alimng'ata mkono wa kushoto na kuuvunja mfupa chini kidogo ya bega. Haukuunga. Ncha mbili zilizovunjika zikabaki zikicheza moja juu ya nyingine, kikawa kiungo cha uongo mahali pasipo na kiungo.

Susi, Chuma na wenzao waliomtumikia waliamua kuurudisha mwili wake pwani, na hapo ndipo ninapotaka kukaa. Walijenga ua imara usio na paa, jua liingie na fisi wasiingie. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari huko Unguja, alipasua tumbo akisaidiwa na Carus Farrar, wakatoa moyo na matumbo na kuvizika chini ya mti. Ndani wakajaza chumvi. Kisha siku 14 za jua, na kila siku kuugeuza mwili upande mwingine, bila pupa. Baada ya hapo wakaukunja miguu magotini ili mzigo uwe mfupi, wakauviringisha kwa shuka, wakabandua gome la mti likatoka kama mwanzi mkubwa, wakauingiza humo, wakashonea kitambaa cha tanga juu yake na kuufunga kwenye mti wa kubebwa na watu wawili.

Oktoba walifika Unyanyembe, penye nyumba za Kwihara, nje kidogo ya Tabora. Luteni Cameron, Mwingereza waliyemkuta hapo, akawashauri wamzike hapohapo. Walikataa.

Mbele, Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite. Wale watu wakafanya kazi usiku. Waliutoa mwili katika gome, wakaufunga upya kwa nguo ukawa mtumba kama mitumba mingine yote ya njia ile, ule mzigo wa kama frasila 2 ambao kila mpagazi aliujua uzito wake begani. Kisha wakafunga mabua yakawa kama maiti, na watu sita wakayabeba kurudi Unyanyembe eti kwenda kuzika, wakayatupa porini gizani. Kufunga mtumba kulikuwa ufundi wa kila siku wa msafara. Ukilegea unachosha bega, ukibana vibaya unapasuka njiani. Huo wao ulifika Bagamoyo Februari 1874, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500 tangu kwa Chitambo.

Aprili 15, London, Sir William Fergusson, mpasuaji, aliuchunguza mwili huo. Uso ulikuwa haumwambii mengi. Akaupapasa mkono wa kushoto, akashuka kutoka kwenye kichwa cha mfupa begani, epifisi ya juu iliyokuwa imeshikamana barabara tangu ujana wa marehemu, na chini yake, katika theluthi ya juu ya mfupa, akakuta ncha mbili zilizopishana bila kuunga. Hapo ndipo shaka kama mwili ni wake kweli ilipokwisha, na siku tatu baadaye Livingstone akazikwa Westminster Abbey.

Kichwa cha mfupa mahali pake, na mvunjiko chini yake: vyote vilifika vikisomeka, baada ya chumvi, jua, gome, mabega na miezi kumi na moja. Farijala hakuwamo chumbani huko London.