Nafsi ya Kwanza Wingi: Picha na Filamu za Nyumbani katika Kisa cha Mtoto Aliyeasiliwa

Utangulizi

Zipo methali mbili ambazo hutajwa mara kwa mara pazukapo mazungumzo juu ya mtoto na malezi yake. Ya kwanza husema, "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea." Ya pili husema, "Mwacha asili ni mtumwa." Kila moja itumikapo mahali pake, methali hizi hazigombani. Lakini ziwekwapo pamoja mbele ya mtoto aliyezaliwa na hawa akalelewa na wale, kila moja humvutia upande wake.

Makala haya yanakusudia kuhakiki filamu iliyoingia katikati ya mvutano huo, nayo ni First Person Plural, iliyotengenezwa na Deann Borshay Liem na kutolewa mwaka 2000. Filamu hii si ya Kiafrika, wala lugha yake si Kiswahili. Hata hivyo inastahili kujadiliwa na wanaisimu na wahakiki wa fasihi kwa sababu mbili. Kwanza, jina lake ni istilahi ya sarufi, yaani nafsi ya kwanza wingi, na jina hilo halikuwekwa kwa pambo. Pili, malighafi yake kubwa ni picha na filamu za nyumbani ambazo familia moja ya Marekani ilizipiga ili kuhifadhi safari ya kumpokea mtoto. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba picha huhifadhi sura na tukio, lakini haihifadhi nafsi. Nafsi hutiwa na yule aisimuliaye. Kwa hiyo familia inayodhani kuwa imeihifadhi safari ya mtoto kwa kumpiga picha nyingi huenda imehifadhi safari yake yenyewe tu.

Kisa kwa ufupi

Familia ya Borshay ya Fremont, California, ilianza kwa kumfadhili kwa barua na fedha za kila mwezi mtoto aliyekuwa katika kituo cha mayatima huko Korea Kusini, aliyeitwa Cha Jung Hee. Baadaye iliazimia kumfanya mtoto wake. Mwaka 1966 msichana wa umri wa miaka minane aliteremka katika uwanja wa ndege wa San Francisco, akapokewa, akapewa jina la Deann. Lakini msichana huyo hakuwa Cha Jung Hee. Jina lake lilikuwa Kang Ok Jin. Alikuwa na mama, ndugu na kwao. Cha Jung Hee wa kweli alikuwa amekwisha chukuliwa na baba yake, na kituo kikampeleka Ok Jin badala yake, kwa karatasi za mwenzake, huku akiambiwa asiseme neno.

Alipokwisha kujifunza Kiingereza alijaribu kumweleza mama yake wa Marekani kwamba ana jamaa zake Korea. Mama, akiziamini karatasi alizopewa, alimtuliza kwamba hizo ni ndoto mbaya tu. Miaka ilipopita, mtoto akasahau lugha yake, na pamoja na lugha akasahau mengi yaliyosemwa kwayo. Alipokuwa mtu mzima alianza kuyafuatilia mambo, akawapata jamaa zake, akawaendea mwaka 1983. Baadaye aliwachukua wazazi wake wa Marekani hadi Korea ili familia mbili zikutane mbele ya kamera. Mkutano huo ndio kilele cha filamu.

Picha isiyo na sauti

Baba wa familia ile alipenda kupiga filamu. Ndiyo maana mtengenezaji alikuta akiba ya kutosha: kuwasili uwanjani, sikukuu, michezo ya watoto, nguo mpya. Wakati wa kuzihakiki picha hizi ni lazima kukumbuka hali ya chombo chenyewe. Filamu za nyumbani za miaka ile, kwa kawaida, hazikuwa na sauti. Aina ya Super 8, ambayo Kodak iliiingiza sokoni mwaka 1965 na ikaenea mno majumbani, haikupata uwezo wa kunasa sauti hadi mwaka 1973. Tena mkebe mmoja ulikuwa na futi 50, yaani picha za dakika 3 na sekunde 20 hivi. Mpiga picha alilazimika kuchagua, na aghalabu mzazi huchagua furaha. Hakuna aonaye haja ya kutumia filamu yake kwa mtoto anayelia usiku.

Katika hali hiyo mtoto yule alihifadhiwa akitabasamu bila kusema. Tena katika miezi ya mwanzo alikuwa bado anasema Kikorea, lugha ambayo baadaye ilimtoka kabisa. Hiyo ni hasara ambayo mwanaisimu hawezi kuipita kimya kimya. Chombo kilichokusudiwa kuhifadhi kilihifadhi nguo, nywele na keki, lakini hakikuweza kuhifadhi kitu pekee kilichokuwa kikipotea siku hadi siku, nacho ni usemi wa mtoto. Mtazamaji humwona akifumbua kinywa, lakini hawezi kujua anasema nini, wala kwa lugha gani.

Ufundi wa Borshay Liem uko katika kuirudia picha hiyo bubu na kuitia sauti yake akiwa mtu mzima. Hapo filamu ya baba inageuka. Tabasamu ambalo kwa baba lilikuwa ushahidi wa furaha, kwa msimulizi linakuwa kazi aliyoifanya mtoto ili akubaliwe. Picha ni ile ile. Aliyebadilika ni msemaji.

Suala la nafsi

Tangu mwanzo msimulizi anajitambulisha kwa majina matatu, na kila jina lina tarehe yake ya kuzaliwa. La tatu, la Kimarekani, analihesabu kuwa lilizaliwa siku ile aliyokanyaga San Francisco. Msanii hapa hasemi kwamba amevaa majina matatu kama nguo. Anasema kwamba "mimi" yake ni wingi. Kwa hiyo jina la filamu lina maana mbili: "sisi" ya familia iliyompokea, na "sisi" ya watu watatu waliomo ndani ya mtu mmoja.

Maana ya kwanza inaonekana wazi katika mahojiano ya familia. Dada anakumbuka kwamba pale uwanjani walimwendea kwanza mtoto asiyekuwa yeye, lakini kwamba jambo hilo halikujalisha, maana mmojawapo wa wale watoto alikuwa wao. Anasema hayo kwa mapenzi na kicheko. Hata hivyo kimilikishi hicho kinabeba kisa kizima: mtoto alikuwa "wetu" kabla hajajulikana ni nani. Kaka naye anakiri kwamba Deann hakutoka katika tumbo la mama yake, na kwamba hilo si kitu, kwa kuwa ni dada yake. Maneno haya mawili yanafanana kwa wema, lakini hayalingani. Kaka anakubali kwamba lipo tumbo jingine, kisha anapenda. Dada anapenda bila ya kuhitaji kuuliza. Filamu nzima imesimama juu ya tofauti hiyo.

Mkorea humtaja mama yake kwa kimilikishi cha wingi, "mama yetu", hata akiwa anasema peke yake. Msemaji wa Kiswahili hashangazwi na jambo hilo. Mtu mmoja akiulizwa atokako hujibu, "Kwetu ni Lamu," na hasemi "kwangu" ila akikusudia nyumba aliyoianzisha mwenyewe. "Kwangu" hujengwa, "kwetu" hukutwa. Kwa kipimo hicho, Deann amepewa kwangu iliyo njema, yenye kila kitu, lakini picha za nyumbani zikaibandika jina la kwetu. Mgogoro wake si wa kukosa upendo. Ni wa kukosa mahali ambapo wingi ule wa sarufi una watu wa kweli nyuma yake.

Msamiati wetu wenyewe unaweza kuumulika mgogoro huu. Kiswahili kina kulea, na kina kuasili. Kulea hakudai asili ya mtu. Mlezi huweza kulea akijua fika kwamba mtoto ana kwao. Kuasili, ukilitazama neno lenyewe, ni kumtia mtu katika asili. Katika sheria ya Kiislamu, inayofuatwa na wengi wa pwani yetu, kumlea yatima ni thawabu, lakini nasaba yake haibadilishwi. Hubaki kuitwa kwa jina la baba yake. Familia ya Borshay ilianza na ufadhili, ambao ni kulea kwa mbali, ikaishia katika kuasili, na karatasi zilizoufunga mlango wa asili ya kwanza zilikuwa za uongo.

Nyuma ya picha

Tukio lenye uzito kuliko yote halimo katika filamu za baba. Deann anapopekua majalada ya kuasiliwa kwake anakuta picha mbili. Moja ni yake. Nyingine ni ya msichana asiyemjua. Nyuma ya zote mbili limeandikwa jina moja: Cha Jung Hee.

Hapa uongo haukuwa katika picha. Kila picha ilisema kweli juu ya sura iliyokuwa mbele ya kamera. Uongo ulikuwa katika maandishi, lakini ni maandishi hayo hayo yaliyoufichua ulipolinganishwa upande mmoja na mwingine. Lau mtu angezihifadhi picha katika albamu kwa kuzigandisha kwa gundi, upande wa nyuma usingesomeka, na Kang Ok Jin angebaki ndoto mbaya. Hili ni funzo kubwa kwa kila mwenye kuhifadhi: maelezo yaandamanayo na picha ni sehemu ya picha.

Upungufu

Pamoja na sifa hizo, filamu ina kasoro zake. Ya kwanza ni kwamba mama wa Korea amepewa nafasi finyu. Anasema kupitia kwa mkalimani, na kila apitapo mkalimani "mimi" ya mama hugeuka kuwa "yeye anasema". Mtazamaji anayajua mawazo ya mama wa Marekani kwa urefu. Ya mama wa Korea huyapata kwa muhtasari. Huenda hali hiyo haikuepukika, kwa vile binti mwenyewe hana tena lugha ya mama yake. Hata hivyo msanii angeweza kuuacha usemi wake uendelee bila kukatwa, ili hata asiyeelewa aionje sauti yake.

Kasoro ya pili ni ya kimaudhui. Mgogoro unatatuliwa nyumbani, kwa machozi na mapatano, ilhali chanzo chake hakikuwa nyumbani. Kituo kilichobadilisha mtoto kwa mtoto, na serikali iliyoziacha karatasi hizo zipite, hazisimamishwi kizimbani. Borshay Liem mwenyewe aliirudia kazi hiyo katika filamu ya mwaka 2010, In the Matter of Cha Jung Hee, ambamo anamtafuta mwenye jina na kukutana na wanawake kadhaa wanaoitwa hivyo. Machi 2025 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Korea Kusini, iliyopokea malalamiko 367, iliwatambua walalamikaji 56 kuwa waliovunjiwa haki, ikitaja kughushiwa kwa kumbukumbu na kubadilishwa kwa watoto. Kwa kuwa watoto wapatao 200,000 wametolewa Korea Kusini kwenda nchi za nje tangu miaka ya 1950, kisa cha Ok Jin si ajali ya familia moja.

Hitimisho

First Person Plural ni kazi iliyofaulu kwa sababu haikuitupa albamu ya familia wala haikuiabudu. Imeisoma kama matini, ikauliza msemaji ni nani na msemewa ni nani, na ikamrudishia mtoto nafsi yake. Hata wazazi wa Marekani hawakudhalilishwa. Walikubali kuketi mbele ya mama mwingine, na kitendo hicho kimezidi kwa heshima kila picha waliyoipiga.

Kenya ilisimamisha mwaka 2014 kuasiliwa kwa watoto wake na wageni, kwa hofu ya biashara ya watoto. Lakini wako waliokwisha kwenda, na wako wanaoasiliwa na Wakenya wenzao, na leo simu ya mfukoni hunasa sura na sauti pamoja. Chombo kimeondolewa udhuru wake. Anayetaka kuhifadhi safari ya mtoto basi na ahifadhi jina alilokuja nalo, lugha aliyokuja akisema, karatasi alizoletwa nazo, na majina ya waliomtoa mkononi mwao. Kulea ni kazi, kama methali isemavyo. Mojawapo ya kazi hizo ni kumtunzia mtoto asili yake hadi siku atakapoiulizia, hata kama jibu litawapunguzia walezi sehemu ya "sisi" waliyoizoea.