Hongera, Fundi wa Jiko la Mkaa

Ukifika Adana, kusini mwa Uturuki, achana na meza ya dirishani. Kaa ubavuni mwa jiko, kwenye mkahawa wa aina ya ocakbaşı, umwone fundi kazini. Nyama ya kondoo haisagwi kwa mashine. Hukatwakatwa kwa zırh, kisu kipana kilichopinda, pamoja na mafuta ya mkia, kisha hubandikwa kwenye chuma kipana kwa vidole vyenye majimaji. Mafuta yakianza kuchuruzika, fundi huifunika nyama kwa mkate mwembamba ili mkate uyanywe. Mkate huo, kwangu mimi, unaishinda hata nyama yenyewe! Hongera kwa mafundi hawa: moshi unawawasha macho kutwa, na bado wanakumbuka nani aliomba pilipili kidogo.