Gereza la Kilwa Kisiwani: Jinsi Nyumba Moja Ilivyogeuzwa Kazi na Jina

Baa ya katikati ya mji inayopewa kibao kipya, rangi mpya na mtindo mpya kila inapopata mmiliki mwingine ni jambo la kawaida katika miji ya Afrika Mashariki, na kwa kawaida huzungumzwa kama suala la biashara tu. Hata hivyo, ukiangaliwa kwa jicho la fundi, ugeuzaji huo una kanuni zake: kinachogharimu sana hubakizwa, kinachogharimu kidogo hubadilishwa, na jina hufuata njia yake lenyewe, ambayo mara nyingi mmiliki hana mamlaka nayo. Kanuni hizo husomeka vizuri zaidi katika jengo lililogeuzwa mara nyingi kwa karne nyingi, na katika pwani ya Lindi jengo hilo ni ngome iliyoko ufukweni mwa Kilwa Kisiwani, ambayo ndiyo ya kwanza kuonekana na abiria anayevuka kwa chombo kutoka Kilwa Masoko, na ambayo huitwa Gereza.

Ugeuzaji wa kwanza unaojulikana ulifanyika Julai 1505, pale msafara wa Wareno ulioongozwa na Francisco de Almeida ulipoiteka Kilwa, ukamwondoa madarakani Amiri Ibrahim na kumtawaza mahali pake Muhammad Ankoni, mfanyabiashara tajiri wa mji huo huo. Kwa mujibu wa taarifa ya Hans Mayr, aliyesafiri na msafara huo, Wareno hawakuanza ngome yao kwa kuchimba msingi. Walichagua nyumba imara kuliko zote karibu na maji, wakazibomoa nyumba zilizoizunguka ili mizinga ipate uwanja ulio wazi, kisha wakaiimarisha ile iliyobaki. Ufundi huo unaweza kuitwa ujenzi wa kupunguza, maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kuondoa majirani badala ya kupandisha kuta, na ndiyo maana ngome ilisimama katika muda wa wiki chache tu. Jengo lililolala nyumba ya mtu likaamka ngome ya mfalme wa Ureno, likapewa jina la Santiago, yaani Mtakatifu Yakobo, ambaye sikukuu yake huadhimishwa tarehe 25 Julai, siku zile zile za kutekwa kwa mji.

Uwezekano wa kugeuza nyumba kuwa ngome kwa haraka namna hiyo unatokana na namna Waswahili walivyojenga. Kuta za nyumba za matajiri zilikuwa nene, zikijengwa kwa mawe ya matumbawe, yaani mwamba uliotokana na mifupa ya viumbe wadogo wa baharini, na mawe hayo yaliunganishwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo juu ya rundo kubwa la magogo. Juu ya kuta zililazwa boriti, yaani miti ya mikoko, na juu ya boriti ikamwagwa sakafu nzito ya chokaa na kokoto. Kwa kuwa boriti haiwezi kubeba uzito huo ikivuka upana wa mita tatu hivi, vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, na chumba cha umbo hilo hakichagui kazi: leo ni ghala la vitambaa, kesho ni bweni la askari, keshokutwa ni mahali pa kufungia watu, na kinachobadilika ni upande ambao komeo la mlango limewekwa. Ukuta mnene na chumba chembamba ndivyo vitu ghali ambavyo kila mmiliki aliyefuata alivihitaji, hata kama hakukubaliana na mwenzake katika jambo jingine lolote.

Santiago haikudumu. Wareno walitaka kuidhibiti biashara ya dhahabu iliyotoka Sofala, na kwa kuwa walijenga ngome nyingine huko Sofala kwenyewe mwaka huo huo wa 1505, Kilwa iligeuka kuwa kituo cha gharama kisicholeta faida iliyotarajiwa, hivyo wakaiacha mwaka 1512. Jina lao lilitoweka pamoja nao, lakini mabaki ya ngome na, muhimu zaidi, mahali pake vilibaki. Ngome hiyo ilisimama penye diko, yaani mahali vyombo vinapotia nanga na kushusha watu na bidhaa, ikitazama mkondo wa maji unaokitenga kisiwa na bara. Anayekaa hapo huona kila chombo kabla hakijafika.

Sababu hiyo ndiyo iliyowarudisha wajenzi mahali pale pale takriban karne tatu baadaye. Biashara ya watumwa ilikuwa imeipa Kilwa thamani mpya, na mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na Mfaransa Jean-Vincent Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Katika muongo uliofuata Waomani waliuweka mji chini ya himaya yao, na mnamo mwaka 1800 ngome mpya ilikuwa imepandishwa juu ya mabaki ya ile ya Wareno. Muundo wake ni ule uliozoeleka katika ngome za Kiomani: kuta zinazozunguka ua wa mraba, vyumba vilivyoegemezwa kwenye kuta hizo kwa ndani, minara katika pembe zinazotazamana ili askari wa mnara mmoja waweze kulinda kuta mbili kwa wakati mmoja, na mlango wa mbao uliochongwa kwa nakshi. Mlango huo unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu nakshi haizuii risasi. Kazi yake ni kumtangazia anayeingia kwamba nyumba ina mwenyewe mpya, na hiyo ndiyo kazi ya kibao cha baa pia.

Jambo lenye utata zaidi ni jina. Neno gereza limetokana na neno la Kireno igreja, lenye maana ya kanisa. Ngome kubwa za Wareno, kama ile ya Mombasa iliyoanzwa kujengwa mwaka 1593, zilikuwa na kanisa ndani yake, na watu waliokuwa nje ya ukuta walilichukua jina la sehemu wakalipa jengo zima. Baadaye, kwa kuwa ngome hizo hizo zilitumika kufungia watu, maana ikahama tena kutoka ngome hadi mahali pa wafungwa. Huko Unguja safari hiyo ya maana ilitokea hata kwa mawe: Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani penye kanisa la Wareno, ikatumika kama jela, ikawa karakana ya reli ya Bububu, na leo ni uwanja wa maonyesho ya sanaa. Kwa hiyo mgeni anayelisikia jina la Gereza huko Kilwa akadhani lilijengwa kwa ajili ya wafungwa husoma maana ya leo katika neno la zamani, kwani lilipopewa jengo hilo lilimaanisha ngome tu.

Kosa la aina hiyo lipo pia upande wa mashariki wa kisiwa. Husuni Kubwa, kasri lenye vyumba takriban 100 na birika la pembe nane, lililojengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, lina jina linalotokana na neno la Kiarabu lenye maana ya ngome, ingawa lilikuwa makao ya sultani na mahali pa biashara. Waliolipa jina hilo waliyaona magofu, hawakumwona mwenyewe.

Mmiliki wa sasa ana kazi ya namna nyingine, kwa kuwa tangu 1981, magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalipoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, Gereza limepewa jukumu la kutogeuzwa tena. Jukumu hilo ni gumu kuliko yote yaliyotangulia. Mawimbi hula ufukwe ulio chini ya kuta, mizizi hupenya viungo vya mawe, na saruji, ambayo fundi wa leo huikimbilia, hufungia unyevu na chumvi ndani ya matumbawe mpaka yakamomonyoka, hivyo kiraka lazima kiwe cha chokaa kama ukuta wenyewe. Magofu hayo yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na kuondolewa humo mwaka 2014.

Katika mageuzi hayo yote, jina alilolichagua mmiliki, Santiago, halitamkwi na mtu yeyote dikoni, ilhali neno la Kireno ambalo Wareno hawakulitoa kama jina la jengo hilo lingali vinywani mwa watu. Dar es Salaam, Hoteli ya Kilimanjaro iliyofunguliwa mwaka 1965 imepita mikononi mwa kampuni za Kempinski na Hyatt, na zote mbili ziliona busara kuliacha neno Kilimanjaro kwenye kibao. Wenye hoteli hiyo walijifunza kwa hesabu za biashara kile ambacho Kilwa ilikwisha kukionyesha kwa mawe: ukuta hununuliwa pamoja na ufunguo wake, lakini jina hubaki mali ya majirani.