Kumwahi Mgonjwa Kabla Hajashuka Kitandani

Wodi ya wanaume, zamu ya usiku: vitanda vimejaa, muuguzi mmoja, mhudumu mmoja. Kengele ya kumwitia nesi hakuna, na ndugu wameshatolewa tangu jioni. Mgonjwa asipoanguka usiku kucha, asubuhi hakuna anayetambua kwamba kuna kazi iliyofanyika. Kwangu mimi, huo ni ufundi mkubwa.

Kwanza ni kujua nani wa kumchunga. Mtafiti wa uuguzi Janice Morse alibuni kipimo cha alama za hatari ya kuanguka miaka ya 1980, nacho kinatumika hadi leo: aliyewahi kuanguka karibuni hupewa 25, mwenye dripu 20, anayetembea kwa kushikilia vitanda na meza 30. Hospitali nyingi huhesabu 45 kuwa hatari kubwa, kwa hiyo mzee aliyeanguka nyumbani na sasa katundikiwa dripu ameshafika hapo kabla hajainua mguu. Huyo huletwa kitanda cha karibu na meza ya wauguzi.

Lakini alama hazimdaki mtu. Muuguzi hodari hujiuliza huyu atashuka kufuata nini, na mara nyingi jibu ni choo. Basi kabla ya kupunguza taa hupita kitanda kwa kitanda: “Mzee, twende haja sasa hivi, nisije nikakukuta njiani.” Kopo la mkojo huliweka upande wa mkono wenye nguvu, maji na miwani pale pasipohitaji kujinyoosha. Breki za kitanda hukanyagwa, kitanda hushushwa hadi chini. Vyuma vya pembeni havimdanganyi. Mgonjwa aliyechanganyikiwa huvipanda, akaanguka kutoka juu zaidi. Na kumfunga kamba ni kumwongezea hofu na vidonda.

Mtazame anavyomwinua mzee. Anamkalisha ukingoni, miguu inaning'inia, kisha anamwambia achezeshe vifundo. Anasubiri. Presha ya mtu aliyelala muda mrefu inaweza kushuka ghafla akisimama, kwa hiyo anamsemesha huku akimtazama uso: anajibu vizuri, au macho yanapotea? Anamvua soksi zinazoteleza, anamvalisha viatu vinavyomkaa. Kama kiharusi kimelegeza upande mmoja, yeye husimama upande huohuo na kumshika kiunoni, kwa sababu mkono uliolegea ukivutwa bega linaweza kuchomoka. Magoti yakikatika, hashindani na uzito. Humtelezesha taratibu kwenye paja lake mpaka sakafuni, kichwa kikiwa salama.

Usiku anaazima na macho ya wengine. Kijana aliyevunjika mguu, ambaye maumivu hayamwachi alale, huambiwa: “Mdogo wangu, babu akianza kushuka niite kwa sauti.” Nampenda kwa akili hiyo, ingawa kijana naye ni mgonjwa, na hospitali inayomtegemea inapaswa kuajiri.

Asubuhi, makabidhiano hayaishii kwenye “wamelala vizuri”. Anataja kwamba babu wa kitanda cha sita aliamka mara tatu kukojoa baada ya dozi ya jioni ya Lasix, dawa inayoongeza mkojo, anaomba daktari aangalie kama dozi hiyo inaweza kutolewa saa nane mchana, na anamwonyesha mwenzake mahali bomba la sinki linapovuja kwenye njia ya chooni.