Nguvu ya Viwanda Vya Mkoa: Funzo la Korosho ya Masasi na Newala

Wapo makada ambao wakiulizwa juu ya nguvu ya uchumi wa viwanda katika mkoa, huhesabu majengo. Sisi tunasema hesabu hiyo ina kasoro, na korosho ya Masasi na Newala ndiyo ushahidi wetu.

Kuanzia miaka ya 1960 hadi mwanzo wa miaka ya 1980 Taifa lilijenga viwanda 12 vya kubangua korosho, baadhi yake Masasi na Newala. Shabaha ilikuwa sahihi: nchi inayouza mali ghafi huuza pamoja nayo kazi ya vijana wake. Mitambo ilitoka Italia na Japani, mingi kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na uwezo wake wote ulizidi tani 100,000 kwa mwaka.

Kosa lilikuwa wapi? Viwanda vilitegemea mavuno makubwa kama yale ya 1973/74, yaliyofikia tani 145,000 hivi. Lakini Operesheni Vijiji ilimweka mkulima mbali na mikorosho yake, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, bei ilimkatisha tamaa, na ugonjwa wa ubwiri unga ukaenea. Kufikia 1986/87 mavuno ya nchi nzima yalikuwa chini ya tani 20,000. Tukawa na kiwanda kisicho na shamba.

Leo ukinzani umegeuka. Salfa na utafiti wa Naliendele vilisaidia kuufufua mkorosho, na msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Hata hivyo sehemu kubwa ilisafirishwa ikiwa ghafi kwenda kubanguliwa ng'ambo. Tukawa na shamba lisilo na kiwanda.

Nguvu za mkoa zipo: wakulima katika vyama vyao vya msingi, akina mama wanaojua kubangua bila kuvunja punje, mafuta ya ganda, mabibo yanayoozea chini ya miti. Kinachokosekana ni kuziunganisha chini ya kauli ya wazalishaji wenyewe.

Nasi wakufunzi tujikosoe. Darasani tulisifu mitambo, tukamsahau mwenye mti. Kada aendaye Newala asianze kwa kuuliza idadi ya mashine. Amuulize mkulima ana kauli gani juu ya korosho yake ikishapimwa ghalani. Kazi yetu ianzie kwenye jibu lake.