Tafsiri ya Jumla: Kisanduku na Mpaka wa Sentensi

Wahakiki wa tafsiri za tarakilishi wamezoea kuilaumu mashine. Husema kwamba haielewi methali, kwamba haina adabu ya maamkizi, na kwamba Kiswahili chake kinanuka Kiingereza. Lawama hizo zina msingi, ingawa nguvu yake imepungua tangu Kiswahili kilipoingizwa katika huduma ya tafsiri ya Google mwaka 2009, na hasa baada ya huduma hiyo kuanza kutumia mitandao ya neva mwaka 2016. Lakini ziko kasoro ambazo si za mashine hata kidogo. Ni za karatasi ambayo mashine inafanyia kazi yake.

Karatasi hiyo ni lahajedwali. Matini ya Kiingereza hupangwa katika safu ya kwanza, kipande kimoja kwa kila kisanduku. Katika safu ya pili huandikwa fomula, kama ile ya GOOGLETRANSLATE iliyomo katika Google Sheets, ikatajiwa kisanduku chanzi pamoja na alama za lugha mbili zinazohusika. Fomula huburutwa hadi chini, na mistari mia tano hugeuka Kiswahili kabla chai haijapoa. Hii ndiyo tafsiri ya jumla. Na kama ilivyo sokoni, anayenunua kwa jumla hachagui tunda moja moja.

Katika kitabu chake cha mwaka 1965 juu ya nadharia ya tafsiri, mwanaisimu J. C. Catford alitenga tafsiri iliyofungwa katika ngazi moja ya sarufi, kama vile neno au mofimu, na tafsiri iliyo huru kupanda na kushuka baina ya ngazi hizo. Lahajedwali limeleta kifungo ambacho orodha yake ya ngazi haikukitazamia. Kisanduku si neno, si kirai, wala si sentensi. Ni chochote kile ambacho karani alikichapa kabla ya kuhamia mstari unaofuata. Hata hivyo fomula hukichukua kila kisanduku kana kwamba ni matini kamili isiyo na jirani.

Ichukuliwe hojaji ya kaya, ambayo ni mfano wa kawaida kabisa. Swali moja linauliza kama kaya ina kitanda, jingine kama ina redio, jingine kama ina jembe. Chini ya kila swali pana swali fupi la kufuatia, lenye maneno yale yale ya Kiingereza mara zote tatu, linalouliza kama chombo hicho ni kizima. Kwa Kiingereza kiwakilishi kimoja kinatosha. Kwa Kiswahili yapasa kuulizwa, ‘Je, ni kizima?’ kwa kitanda, ‘Je, ni nzima?’ kwa redio, na ‘Je, ni zima?’ kwa jembe. Fomula, ikipewa maneno yale yale katika visanduku vitatu, hurudisha jibu lile lile mara tatu. Basi angalau majibu mawili kati ya matatu hayatapatana na nomino zake. Hapana haja ya majaribio ili kulithibitisha jambo hili. Hata angeketishwa hapo mfasiri hodari wa Lamu au Unguja, akaonyeshwa kisanduku hicho peke yake na kukatazwa kutazama cha juu yake, naye asingekuwa na la kufanya ila kubahatisha. Upatanisho wa kisarufi katika Kiswahili huvuka mipaka ya sentensi. Ukuta wa kisanduku huukata.

Majina ya ukoo yana taabu kama hiyo, kwani neno moja la Kiingereza hufunika mjomba na ami. Hatari zaidi ni saa. Ratiba ya dawa ikiweka kipindi cha siku katika safu moja na tarakimu katika nyingine, 8 hubaki 8. Mgonjwa aliyepaswa kumeza dawa saa mbili asubuhi huandikiwa saa nane.

Tafsiri inapoelekea upande wa pili, yaani kutoka Kiswahili, jambo huwa zito zaidi. Mtafiti amekusanya majibu ya wahojiwa, kila jibu katika kisanduku chake. Mmoja amesema tu, ‘Alinipiga, akanifukuza.’ Kiambishi cha nafsi hakisemi kama mtendaji ni mwanamume au mwanamke. Aliyetajwa huenda ni mume, mama mkwe, au mwajiri, na alitajwa katika jibu la juu. Kiingereza kinadai jinsia, kwa hiyo fomula huchagua. Tangu Desemba 2018 Google imekuwa ikionyesha tafsiri mbili, ya kiume na ya kike, kwa baadhi ya sentensi za Kituruki zisizotaja jinsia. Lakini kisanduku cha fomula kina nafasi ya jibu moja tu. Mtafiti anapokuja kuhesabu, anahesabu ushahidi ambao mhojiwa hakuutoa.

Kuna pia swali ambalo mhakiki wa matini hawezi kulipuuza: matini yenyewe iko wapi? Kinachoonekana katika safu ya pili ni zao la fomula, na fomula ikikokotolewa upya baada ya mashine kubadilishwa, maneno yaweza kuwa mengine. Asiyeyanakili kama maandishi ya kudumu hana toleo la kusahihisha wala la kunukuu.

Pamoja na hayo, safu mbili zinazotazamana ni chombo kizuri. Mfasiri huona chanzi na tafsiri kwa mtupo mmoja wa jicho, na istilahi iliyofasiriwa kwa njia tatu hufichuka upesi. Kinachotakiwa ni kuongeza safu mbili kabla ya fomula kuburutwa: moja itaje nomino inayorejelewa, nyingine msemaji na msemewa. Fomula haitazisoma safu hizo. Zitasomwa na msahihishaji, ambaye katika ofisi nyingi huletewa Kiswahili kitupu, safu ya Kiingereza ikiwa imekwisha kufutwa.