Sauti Bila Neno: Uhakiki wa Ufundishaji wa Uimbaji wa Taarab katika Elimu ya Juu

Ikisiri

Makala haya yanahakiki mielekeo mipya ya kufundisha utendaji wa muziki katika elimu ya juu kwa kuuchunguza uimbaji wa taarab. Hoja yetu ni kwamba mielekeo hiyo imebadili namna ya kufundisha, lakini imeacha utengano wa lahani na matini pale pale ulipokuwa. Tunapendekeza mizani, fumbo na hadhira viwe sehemu ya ufundishaji na utahini.

1. Utangulizi

Mfumo uliokomaa katika vyuo vya muziki vya Ulaya, mathalani Conservatoire ya Paris iliyoanzishwa mwaka 1795, umejengwa juu ya nguzo tatu: mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja, nota zilizoandikwa, na jopo la watahini. Kingsbury (1988) alionesha jinsi katika chuo cha aina hiyo nchini Marekani dhana ya kipaji inavyotokana na mahusiano ya kijamii ya chuo chenyewe. Green (2002), akiwachunguza wanamuziki wa muziki pendwa nchini Uingereza, alibaini kwamba wao hujifunza kwa kusikiliza rekodi, kuiga na kushirikiana na wenzao. Kutokana na kazi za namna hiyo, kujifunza kwa sikio na kwa makundi kumepata nafasi katika mijadala ya ufundishaji.

Kwa Waswahili, sehemu kubwa ya upya huo ni ukongwe. Sahani za santuri alizorekodi Siti binti Saad huko Bombay kuanzia mwaka 1928 zilizifikisha nyimbo kwa masikio ya watu wengi bila nota. Katika vikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoasisiwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, kilichoanza mwaka 1958, chipukizi hujifunza akiwa mazoezini pamoja na wakongwe. Hapo ndipo taarab inapotofautiana na kundi la marika analolieleza Green: anayeigwa yupo, ana umri, na ana haki ya kukosoa.

2. Mizani kama suala la utendaji

Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa Zanzibar mwaka 2002, kiliingiza taarab, kidumbak na ngoma katika mafunzo rasmi. Hatua hiyo ni kubwa. Hata hivyo, katika vyuo vikuu vya ukanda wetu mgawanyo wa kiidara bado una nguvu: shairi ni la idara ya Kiswahili, sauti ni ya idara ya sanaa. Mwanafunzi wa kwanza huhesabu mizani asiyoiimba. Wa pili huimba mizani asiyoihesabu.

Tuchukue mshororo huu, uliotungwa kwa ajili ya makala haya: “Nilipanda mti wangu, mwizi kavuna usiku.” Ukwapi una mizani nane na utao una nane. Katika neno “mti”, sauti ya m ni silabi kamili. Tena ndiyo inayobeba mkazo, kwa kuwa ni ya pili kutoka mwisho. Katika “mwizi”, m haisimami peke yake. Mwimbaji aliyezoeshwa kuamini kwamba sauti huvutwa juu ya irabu pekee ataipita m ya “mti” haraka na kuivuta i. Ukwapi utasikika kama una mizani saba, na mkazo utahama. Mhadhiri wa muziki huenda asione kosa, kwa sababu lahani ni sahihi. Msikilizaji mjuzi wa ushairi atalisikia mara moja. Kuimba m hiyo midomo ikiwa imefumbwa, kwa muda wake kamili, ni ufundi wa sauti unaohitaji mazoezi sawa na maqam yoyote.

3. Fumbo na hadhira

Finnegan (1970) alisisitiza kwamba fasihi simulizi hukamilika katika utendaji. Katika taarab, Askew (2002) ameonesha kwamba kutunza, yaani kumwendea mwimbaji na kumpa fedha, ni njia ya hadhira kuchangia maana. Mti na mwizi katika mshororo wetu havina wenyewe mpaka mtu fulani ainuke wakati wa utao na kutunza huku akimtazama fulani. Mwimbaji hana budi kujua wapi aurudie mshororo na wapi anyamaze, ala zijibu. Ujuzi huo haupimiki mbele ya watahini watatu waliokaa kimya.

Pingamizi la haki ni kwamba hadhira inaweza kupendelea: fedha hutolewa pia kwa undugu, kwa ushabiki au kwa kujionesha. Aidha, nota hurahisisha uratibu wa kanuni, fidla na udi, na huwezesha watahini kulinganisha kazi. Tunakubali. Lakini pingamizi hili linahusu nani atoe alama. Haliondoi haja ya kufundisha mbele ya hadhira.

4. Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, somo la uimbaji wa taarab lifundishwe kwa pamoja na mhadhiri wa ushairi, mhadhiri wa muziki na mwimbaji mkongwe anayelipwa kama mwalimu kamili, si kama mgeni wa siku moja. Pili, wimbo usikilizwe, ukaririwe na kuhesabiwa mizani kabla ya nota kugawiwa. Tatu, mtahiniwa aimbe mbele ya hadhira, kisha aeleze kwa Kiswahili kwa nini alivuta silabi aliyoivuta na fumbo alilielekeza wapi. Alama zibaki mikononi mwa jopo. Bila hayo, vyuo vyetu vitaendelea kuhitimisha waimbaji wenye sauti nzuri ambao wenye lugha hawapati la kuwatunza.